Kofia ya baba mdogo ndani ya St. Joseph

Hebu nikuulize swali moja la chapchap, msomaji wangu. Kanisa la St. Joseph pale Posta umelipita mara ngapi? Usihesabu, utachoka bure. Umelipita ukiwahi boti ya Zanzibar, umelipita ukitoka Feri na mfuko wa vibua unaovuja, umelipita umening'inia mlangoni mwa daladala enzi zile kabla ya mwendokasi kuanza mwaka 2016. Sasa swali la pili: umewahi kuingia ndani siku ambayo si ya harusi? Aa, hapo ndipo wengi tunapoanza kukuna vichwa.

Maana harusi tunazijua. Jumamosi pale nje ni sinema ya bure. Magari yana maua mpaka kwenye saiti mira, matarumbeta yanapasua anga, bwana harusi anatoka jasho ndani ya suti ya vipande vitatu kwa joto hili letu, na kina dada wa kamati wamepigilia sare wakitafuta pa kusimama ili wasikatwe kwenye picha. Mwenyewe nimekula pilau nyingi za harusi zilizoanzia kwenye ngazi zile. Sisi nyumbani ni Waislamu, ila kwa mji huu, nani hajaingia kanisani kwa ajili ya mshikaji wake anayeoa?

Lakini safari ninayotaka kukusimulia haikuwa ya pilau.

Baba mdogo wangu alikuja kutoka Liwale kutibiwa macho. Ana miaka 75, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Kwa wasioijua Liwale, ni kule ndani mkoa wa Lindi. Unateremka na Barabara ya Kilwa, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa (lililofunguliwa 2003, kabla ya hapo ilikuwa kusubiri pantoni pale Ndundu mpaka unazoeana na mbu), halafu pale Nangurukuru unaiacha lami na kuingia porini. Mvua ikinyesha, basi linalala njiani na abiria wanajuana majina. Ndiyo maana mzee alikuwa hajafika Dar miaka kumi na kitu.

Wakamfanyia jicho moja, la kulia. Walipombandua bendeji akakaa kimya, anatazama ukuta. Nikaingiwa na hofu. Kumbe alikuwa anasoma kalenda. Akasoma mpaka namba ya simu ya duka lililoichapisha. Siku tatu zilizofuata nyumbani Mbagala hapakukalika, kila kitu anataka kukiona: sufuria, viatu vya watoto, hata tui la nazi alilisogelea akasema kumbe ni jeupe hivi.

Siku ya nne akaniita.

"Mwanangu, nataka unipeleke kwenye nyumba ya yule askofu."

"Askofu gani tena, baba mdogo?"

"Aliyeuawa kwetu."

Mimi nilidhani tutakwenda Coco Beach tukale mihogo. Basi bwana, nikachukua simu nikaanza kusoma, nikapata vitu ambavyo shule walitupitisha juu juu kama gari la zimamoto.

Kwa ufupi habari yenyewe iko hivi. Wamisionari Wakatoliki wa Kijerumani, watawa wa Kibenediktini kutoka St. Ottilien, walifika hapa mwaka 1888 na kuweka kituo Pugu. Hawakukaa hata mwaka mzima kwa amani. Pwani yote ilikuwa imewaka moto dhidi ya Wajerumani, vita vya Bushiri bin Salim, na Januari 1889 misheni ile ya Pugu ilivamiwa, baadhi yao wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Bushiri naye alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar, mji ukaanza kujengwa kwa kasi, na mwaka 1897 ukaanza ujenzi wa hili kanisa tunalolipita kila siku. Lilimalizika 1902. Mwaka huohuo padre mmoja mzaliwa wa Tyrol, Austria, aitwaye Cassian Spiss, aliyekuwa ameianzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, akafanywa askofu wa huku kwetu.

Kiti chake cha uaskofu hakukikalia sana. Agosti 1905 alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho, akiwa na mabruda wawili na masista wawili. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwezi uliotangulia kule Umatumbini, watu wamechoshwa na pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko, na maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yamekwishasambaa kusini. Tarehe 14 Agosti, mahali panapoitwa Mikukuyumbu karibu na Liwale, msafara ulizingirwa na wapiganaji. Wakauawa wote watano. Boma la Wajerumani pale Liwale nalo likashambuliwa na kuchukuliwa mwezi huohuo.

Sasa hapo ndipo baba mdogo anapoingia. Sisi ni Wangindo. Waliokuwa na mikuki siku ile ni watu wa kwetu.

Tulishuka Posta ya Zamani kama saa tisa na nusu alasiri. Saa hiyo niliichagua kusudi, kwani niliambiwa vioo vya rangi vilivyo nyuma ya altare vinapendeza zaidi jua likianza kuteremka. Baba mdogo alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa, koti juu, kofia ya mkono iliyodariziwa, na miwani myeusi ya hospitali. Ukimtazama haraka haraka unaweza kudhani ni mwanamuziki mstaafu wa taarabu.

Tukasimama kwanza upande wa pili wa barabara ili alione lote. Nakushauri na wewe ufanye hivyo. Lina mnara mrefu wenye ncha kali juu, madirisha membamba yaliyochongoka, kuta nyeupe, kila kitu kinakuvuta macho kwenda juu. Ni mtindo wa makanisa ya Ulaya wa miaka mia kadhaa nyuma, umeletwa ukapandwa mbele ya bahari ya Hindi kati ya minazi. Zamani mtu akiingia na meli, minara ya makanisa haya ya Wajerumani ndiyo ilikuwa alama ya mji. Leo nyuma yake kuna majengo ya ghorofa zaidi ya 30, vioo vitupu, na mnara wa St. Joseph umekuwa kama babu mfupi kwenye picha ya ukoo.

Na hapo jirani kuna vitu vingine ambavyo hatuvitazami. Lile Boma la Kale lilijengwa na Sultani Majid kwenye miaka ya 1860, wakati Dar ilipokuwa ndoto yake tu. Atiman House nayo ni ya zama hizohizo za Majid, baadaye ikawa ya mapadre wa White Fathers. Jina lake linatokana na Adrian Atiman, mtoto wa Kimali aliyeuzwa utumwani, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, kisha akaja Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kutibu watu pale hadi alipofariki 1956. Huyo mtu angekuwa Mmarekani tungekuwa tumeshatazama filamu zake tatu.

Baba mdogo alilitazama kanisa muda mrefu. Akauliza, "Alilijenga yeye?"

"Lilianza kabla yake. Lilikwisha mwaka aliopewa uaskofu."

"Basi alikaa miaka mitatu tu."

"Mitatu."

Akatingisha kichwa, tukavuka barabara. Mlangoni akasimama tena, akapiga hodi. Kabisa, "Hodi! Hodi wenyewe!" mbele ya mlango ulio wazi. Nikamwambia baba mdogo, hapa watu wanaingia tu. Akanijibu, "Wewe ndiye unayeingia tu."

Akatokea mzee mmoja mwenye ufagio mkononi na funguo kiunoni. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba, kisha akamtazama baba mdogo toka juu mpaka chini. Macho yakaishia kwenye kofia.

"Karibuni. Ila mzee mwenzangu, kofia tunavua humu."

Nilishikwa na wasiwasi. Ile kofia simjui mtu aliyewahi kumwona baba mdogo bila hiyo, hata hospitali waliivua kwa mazungumzo marefu. Nikaanza kutafuta maneno ya kupatanisha. Baba mdogo akaivua mwenyewe, akaikunja, akaiweka kifuani.

"Kwetu mnavua viatu, huku mnavua kofia," akasema. "Vyote ni kuvua."

Yule mzee akacheka, nasi tukaingia.

Kwanza ni ubaridi. Unatoka kwenye joto la Posta, honi na makonda, unaingia mahali penye kivuli kizito na sauti yako inakurudia. Dari liko juu sana, limeinama kama viganja vya mikono vilivyokutana. Nguzo zimepangana kwenda mbele mpaka kwenye altare kuu, na juu yake kuna mchongo wa sanamu uliofanywa kwa mkono wa mtu asiyekuwa na haraka ya mshahara. Ukutani bado kuna maandishi ya Kijerumani. Na nyuma ya altare, vioo. Nyekundu, buluu, kijani, njano, jua linapita ndani yake na kumwagika.

Baba mdogo akatoa miwani myeusi. Nilitaka kumkataza, daktari alisema asitoe penye mwanga, nikaacha.

"Ile buluu," akasema. Akanyamaza. Halafu tena, "Ile buluu nilikuwa nimeisahau."

Kina mama kama sita walikuwa mbele wakisali rozari kwa sauti ya chini. Kijana mmoja wa umri wangu alikuwa amekaa peke yake bega limeegemea nguzo, tai imelegezwa, mkoba wa kompyuta miguuni, ametokwa na usingizi. Ofisi za mjini zina mambo yake. Tukakaa benchi la nyuma, na yule mzee wa ufagio akaja kusimama karibu, nadhani kwa udadisi.

"Mzee umetokea wapi?"

"Liwale. Na wewe?"

"Mimi mtu wa Peramiho."

"Aaa, Peramiho."

Wakatazamana. Mimi niliyekuwa nimesoma simu siku mbili mfululizo nikajua kinachokuja, na mapigo ya moyo yakaniongezeka kama niko penalti za Simba na Yanga.

"Askofu wenu alifia kwetu," akasema baba mdogo.

Yule mzee akauegemeza ufagio kwenye benchi. Akakaa. "Hapa wanakuja Wazungu kumuulizia," akasema. "Wanakuja na vitabu, wanapiga picha. Mtu wa Liwale ndiyo kwanza namuona leo."

Wacha nikueleze kitu kuhusu wazee. Sisi tukikutana tunaulizana timu, mtandao gani una bando nafuu, nani kaachana na nani. Hawa wawili hawajuani hata majina, dakika kumi tu wameshafika mwaka 1905. Baba mdogo akasimulia habari aliyoipata kwa bibi yake mzaa baba, ambaye wakati wa vita alikuwa msichana mdogo wa kuchota maji. Mimi ni damu yake na nilikuwa sijawahi kuisikia.

Alisema bibi yake alikuwa akisimulia jinsi wanaume walivyorudi kijijini wakijisifu kwamba wamemmaliza mkubwa wa Wazungu. Ngoma zikapigwa. Wanawake wakauliza, na wale wanawake wawili waliokuwa naye? Hakuna mwanamume aliyejibu. Mwingine akasema walikuwa Wazungu vilevile. Mama wa yule bibi akasema, walikuwa na bunduki? Kimya.

"Bibi alikuwa akifika hapo anaacha," baba mdogo akasema. "Anakwenda kuchochea moto."

Kisha wakaja askari wa Mjerumani. Hapa historia ya vitabu na ya bibi zinafanana. Waliona vita ya msituni haiishi, wakachoma maghala, wakachoma mashamba, wakachukua chakula. Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000 walikufa. Wanahistoria waliofuata wamefika mpaka 300,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Iliwaua njaa. Bibi wa baba mdogo alikuwa na ndugu wanne. Wote hawakuumaliza mwaka uliofuata. Yeye na mama yake waliishi kwa kuchimba ming'oko porini, ile mizizi ambayo siku hizi watu wa Lindi na Mtwara tunaitafuna kwa chumvi na pilipili kama starehe.

"Mpaka anakufa hakuitia tena ming'oko mdomoni," akasema. "Tukiichemsha alikuwa anatoka nje."

Yule mzee wa Peramiho akaitikia kwa kichwa. Kwao nako hakukuwa salama, misheni ya Peramiho ilichomwa, na Wangoni walipigana, wakashindwa. Tarehe 27 Februari 1906 wazee na manduna wao 67 walinyongwa pale Songea. Padre wa misheni aliwabatiza baadhi yao kabla ya kitanzi. Fikiria hilo jambo, msomaji, lifikirie ukiwa umetulia. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye aliuawa, na mpaka leo ukoo wake unalitafuta fuvu lake, wanaamini lilipelekwa Ujerumani.

"Kila tarehe 27 ya mwezi wa pili tunawakumbuka," akasema yule mzee. "Na rais wao alikuja. Yule wa Ujerumani. Akaomba msamaha."

Ni kweli. Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea Novemba 1, 2023, akaenda kwenye makumbusho ya Maji Maji, akakutana na watu wa ukoo wa Mbano na kuomba msamaha kwa yale waliyoyafanya Wajerumani.

"Nilisikia redioni," baba mdogo akajibu. "Nikasema, akitoka Songea atakuja Liwale. Nikasubiri." Akageuza geuza kofia mkononi. "Labda ni ile barabara."

Wote wawili wakacheka mpaka mama mmoja wa rozari akageuka kututazama kwa jicho kali. Nikainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Waliponyamaza, baba mdogo akasema kile kilichomtoa Mbagala. Alimuuliza yule mzee kama anaruhusiwa kuomba dua mle ndani.

"Dua ya Kiislamu?"

"Ndiyo ninayoijua."

Yule mzee akakuna kidevu. Akatazama mlango wa pembeni kama anayetegemea mkubwa wake atokee. "Padre kaenda msibani," akasema mwishowe. "Mimi hapa kazi yangu ni kufagia na kufunga milango. Omba polepole, kuna watu wanasali kule mbele."

Baba mdogo akaniomba nimsomee majina. Alikuwa ameniambia tangu nyumbani niyatafute na niyaandike, na kwenye simu nilikuwa nayo. Nikamsomea moja moja, Kijerumani changu kikiwa cha kubahatisha: Cassian Spiss. Gabriel Sonntag. Andreas Scholzen. Felicitas Hiltner. Cordula Ebert. Kila jina alilirudia. Yale ya masista aliyarudia mara mbili, kwa matamshi ya Kingindo, Cordula akawa Koridula. Kisha akafungua viganja vyake, macho mbele kwenye vioo, la kulia linaona na la kushoto bado limefungwa na ukungu, akaanza.

Nilisogea nikasimama kwenye nguzo, mambo mengine si ya kuyasikiliza kwa karibu. Lakini mle ndani hata mnong'ono unasafiri. Baada ya yale majina matano nikamsikia akitaja mengine manne ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu, ya kitoto, ya Kingindo. Hayo siyaandiki hapa. Ni ya ndani ya nyumba.

Yule mzee wa Peramiho alikuwa amesimama pembeni na ufagio wake. Dua ilipofika mwisho baba mdogo akapangusa uso, naye akafanya ishara ya msalaba. Halafu akasema, "Pole sana, mzee mwenzangu." Baba mdogo akamjibu, "Pole na wewe." Basi. Hawakukumbatiana wala nini, hii si sinema ya Kihindi. Yule mzee akarudi kufagia.

Niliutumia muda uliobaki kulizunguka kanisa, na kwa ajili yako niliyekuburuta mpaka huku, haya ndiyo ya kujua. Kuingia hakuna kiingilio. Epuka saa za misa kama unakwenda kutalii, na Jumamosi kama hupendi matarumbeta. Simu weka kimya. Picha omba kwanza, wala usimpige mtu anayesali, utajisikiaje wewe ukipigwa unalia? Mavazi tafadhali, ile kaputula na kitopu vibaki Coco Beach. Na usiende unakimbia. Kanisa hili limeona mengi: Wajerumani walipofukuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wakapuchini kutoka Uswisi mwaka 1921, misa ilikuwa ya Kilatini hadi miaka ya 1960, na kuanzia mwisho wa 1968 kiti kile alichokikalia Spiss miaka mitatu alikikalia Laurean Rugambwa, mtoto wa Kagera, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kufanywa kardinali (1960), akakaa nacho mpaka 1992. Kutoka Tyrol mpaka Bukoba, kiti kilekile. Mimi hesabu hiyo ilinifurahisha kuliko vioo, japo najua wewe utakwenda kwa ajili ya vioo.

Tulipotoka nje jua lilikuwa linapiga maji ya bandari, boti ya Zanzibar imejaza watu na inapiga honi. Baba mdogo akavaa kofia, akaiweka sawa kwa viganja viwili, akavaa miwani. Akataka maji ya miwa. Tukanywa tumesimama, mia tano mia tano wakati mwingine inaburudisha kuliko bia, kisha tukatembea taratibu kando ya bahari kuelekea Kivukoni.

Njiani tukafika kwenye kanisa jingine lenye vigae vyekundu, mnara, na vijipaa vidogo vya vigae juu ya madirisha kama kofia za chama. Akasimama.

"Na hili la nani?"

"Azania Front, baba mdogo. La Walutheri. Hilo walianza kulijenga mwaka 1898."

"Walutheri wa wapi?"

"Wajerumani vilevile."

Akalitazama, akageuka kulitazama lile tulilotoka, mnara unaonekana kule nyuma. Akapima umbali kwa jicho lake jipya.

"Wajerumani kwa Wajerumani, hatua mia kadhaa, kila mmoja na lake?"

"Ndiyo hivyo."

"Na sisi ndio tuliokuwa tunaambiwa hatuelewani."

Nikamuuliza kama anataka kuingia na humo. Akasema leo amevua kofia mara moja, inatosha. Tukapata gari la Mbagala, konda akatupakia kama magunia ya korosho, kijana mmoja akampisha mzee kiti cha dirishani. Nilidhani atatazama mji, maana jicho limefunguka na foleni ilikuwa ya kutosha. Kufika Barabara ya Kilwa alikuwa amelala, kofia imemteremkia puani, na glasi ya plastiki ya maji ya miwa bado ameishika.